Chumba Ambacho Hakuna Aliyewahi Kukosea

Nasikia siku hizi mnapelekwa viwandani na maofisini na vishikwambi mkononi, mnaambiwa mkague kama watu wanajifunza kazini au wanasukuma siku tu. Mjukuu wangu naye ameajiriwa kazi hiyo. Juzi alinikalisha hapa kibarazani, Mwembesongo, akaniuliza, "Bibi, wewe ulikuwa unajuaje?" Nilimjibu kwa kifupi maana nilikuwa na mchicha jikoni. Jibu refu nawapa ninyi nyote, na naomba mnivumilie, kwa sababu hata leo nikilisimulia mikono huwa inanipoa.

Nilikuwa ofisa mafunzo katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, nje kidogo ya mji. Jina langu ni Perpetua, lakini pale kiwandani nilikuwa Mama Pepe kwa kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini. Kazi nilifundishwa na Mzee Kobelo, Mluguru mwenzangu wa huko juu milimani, mtu mfupi aliyependa kuingia kwenye idara za watu saa ya chai. Nilimuuliza kwa nini hiyo saa. Akasema, "Mtu mwenye andazi mdomoni hawezi kukudanganya vizuri." Alinifundisha pia nisimuulize mtu kama anaijua kazi yake. Kila mtu atasema anaijua. Nimuulize nani alimfundisha, na mara ya mwisho aliuliza nini, na akajibiwaje. Halafu ninyamaze. Hilo la kunyamaza ndilo lililonishinda kwa muda mrefu.

Mzee Kobelo alikuwa ameshastaafu wakati tulipoletewa meneja mpya, Mhandisi Rehema. Mama yule alikuwa na haraka ya kufanya mambo mazuri. Aliniita akaniambia anataka kujua, idara kwa idara, kama watu wanafundishana, kama wanajifunza kutokana na makosa, au kila mmoja anaficha lake. Akanipa fomu zilizotoka makao makuu. Nikazigawa. Zikarudi zote zimewekwa alama ya "ndiyo". Kuna mzee mmoja wa ghalani aliweka "ndiyo" hata pale palipoulizwa jina la msimamizi wake. Tulicheka naye sana, lakini nilizifungia kabatini nikaanza kutembea kwa miguu kama nilivyofundishwa.

Idara ya kufungasha ilinifurahisha. Niliwauliza akina mama wa pale, "Mara ya mwisho mlikosea nini?" Wakaanza kugombania kusema. Mmoja alibandika lebo juu chini kwenye katoni tele. Mwingine alifunga vizibo bila mafuta kuwamo. Msimamizi wao akasema naye aliwahi kuruhusu lori liondoke na mzigo wa mteja mwingine, na ndiyo maana sasa wanasomeana namba kwa sauti kabla ya kupakia. Nilitoka pale nimeshiba.

Kisha nikaenda kwenye chumba cha boila.

Kama hujawahi kuliona boila, fikiria pipa kubwa la chuma, refu kupita basi dogo, limelazwa, limejaa maji, na chini yake moto unaowaka kutwa. Letu lilikula maganda ya alizeti na kuni. Mvuke wake ndio uliopasha mbegu kabla ya kukamuliwa. Ubavuni lina kioo chembamba kilichosimama wima, na ndani ya kioo unaona maji yamefika wapi. Kile kioo ndicho jicho la mtu wa boila. Maji yakipungua mno na moto unawaka, chuma cha ndani kinaiva kama jembe kwa mhunzi. Na ukikosea ukakiingizia maji baridi kikiwa kimeiva vile, maji yanageuka mvuke mara moja, pipa zima linapasuka, na ukuta hauwezi kulizuia.

Msimamizi wa pale alikuwa Bwana Ndimbo. Alikuwa mtu mzima, mnyoofu, nguo zake za kazi zimepigwa pasi hata kwenye masizi yale. Chumba chake kilikuwa kisafi kuliko jikoni kwangu. Nilimsalimia, nikamwambia kilichonileta.

"Hapa kwangu utamaliza mapema," alisema. "Hapa hakuna makosa."

"Hata dogo?"

"Mama Pepe, hapa kosa dogo halipo. Kuna kosa na kuna maiti. Vijana wangu wanalijua hilo."

Nikawauliza wale vijana wake, mmoja mmoja. Wote watu wazima, wana wake na watoto. Nilipowauliza walichowahi kukosea, kila mmoja alitazama kwanza mlangoni, ndipo akanijibu: "Hamna, mama." Nikauliza wa mwisho kuuliza swali ni nani. Wakatazama mlangoni tena. Mmoja wao, Athumani, baba wa mapacha, nilimwomba anionyeshe jinsi anavyokipima kioo asubuhi. Akafungua bomba dogo chini ya kioo, maji yakashuka, akalifunga, maji yakapanda tena.

"Unafanya hivyo kwa nini?"

Akamtazama Bwana Ndimbo aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Ndivyo inavyotakiwa."

Nilitoka pale nikaenda kukaa chini ya bati la kuegeshea baiskeli. Sikuwa na ushahidi wa kitu chochote. Nilichokuwa nacho ni yale macho yaliyotazama mlangoni. Idara ambayo makosa yake yanachekwa, unajua yako wapi. Hii nyingine makosa yake yalikuwa yamekaa mahali, na hakuna aliyethubutu kuyataja mbele ya moto ule.

Nikakumbuka kwamba kulikuwa na kijana mwingine wa boila, Dominiki, aliyeacha kazi ghafla. Kwao ni Matombo, na mimi kwetu ni Matombo. Jumapili nilipanda huko, njia ile mnayoijua, mawe na makorongo, nikafika misa ikiwa imeisha. Nilimkuta shambani kwao, kwenye migomba, anakata majani makavu.

"Shikamoo mama. Umekuja na habari mbaya?"

"Marahaba. Kwa nini iwe mbaya?"

"Watu wa kiwandani hawapandi huku bure." Akakaa juu ya gogo, akaniambia bila kunitazama. "Kile kioo, mama, ukifungua bomba maji yanatakiwa yashuke mbio na yarudi mbio. Mimi niliona yanarudi polepole. Kama uji. Nikamuuliza mzee, hii ni kawaida? Alinijibu mbele ya wenzangu kwamba anayeuliza swali kama hilo hastahili kukaa karibu na moto. Kesho yake nikapelekwa kuzoa maganda juani. Nikazoa mpaka nikachoka. Kila nilipopita pale mlangoni wenzangu wakainamisha macho."

"Ulimwambia mtu mwingine?"

"Nimwambie nani? Kila mtu ananiona na koleo."

Nilimsihi arudi, nikamwahidi nitazungumza na meneja. Akakataa kwa upole. Akanipa mkungu wa ndizi na mdalasini kidogo, akanisindikiza hadi barabarani. Njiani alisema jambo ambalo lilinifuata hadi mjini: "Mama, mimi usiku nalala vizuri sasa. Athumani ndiye ninayemhurumia. Yeye aliniona nikiadhibiwa, na bado yuko mle."

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa Mhandisi Rehema kabla hajavua mkoba begani. Nilimwambia kwamba chumba cha boila kinanitisha. Akauliza nimekipa alama ngapi. Nikamwambia sijakipa alama, nimekiogopa.

"Mama Pepe, naelewa, lakini wiki ijayo nina shehena ya kupeleka. Nikimzimisha Ndimbo boila kwa sababu ya hofu, makao makuu wataniuliza hofu ya nani. Niletee kitu cha kushika."

"Kioo kinarudi polepole. Kijana aliyeacha kazi ameniambia."

"Aliyeacha kazi kwa ugomvi," alisema, bila ubaya. Alifikiri kidogo. "Nenda ukamwombe Ndimbo akifungue kioo hicho wakisafishe mbele yako. Akikataa, nipigie, nitakuja mwenyewe."

Nataka mjue kwamba sikutaka kwenda. Nilipita kwanza chooni nikanawa uso. Nilijiambia mimi ni mtu wa mafunzo, si fundi, na Bwana Ndimbo amekaa na moto tangu sijaajiriwa. Huenda Dominiki alikuwa na kinyongo tu. Nilijiambia kila kitu cha kuniwezesha kugeuka, na miguu ikaendelea kwenda, polepole.

Nilipoingia, Bwana Ndimbo alikuwa nje upande wa pili, akisimamia kushushwa kwa kuni. Ndani alikuwamo Athumani peke yake, amesimama mbele ya kioo. Hakunisikia nikibisha. Nikasogea. Kioo kilionyesha maji nusu, mahali pazuri kabisa.

"Athumani, habari za asubuhi."

Aligeuka. Sijawahi kuuona uso wa mtu mzima ukiwa vile. Akaninong'oneza, ingawa tulikuwa wawili tu na feni ya kupuliza moto inanguruma.

"Mama, maji hayatikisiki."

Sikumwelewa. Akaninyooshea kidole kwenye kioo. Maji yanayochemka hayatulii, ninyi wenyewe mmeona sufuria. Ndani ya kioo cha boila nayo hucheza kidogo, yanapanda na kushuka upana wa ukucha. Haya yalikuwa yametulia kama maji ya mtungini.

"Tangu lini?"

"Tangu nimeingia zamu. Na pampu ya kuongeza maji sijaisikia ikijiwasha." Akaitazama swichi yake ukutani. "Jana pia sikuisikia sana."

"Umemwambia mzee?"

Alifungua lile bomba la chini. Maji yakashuka kiooni, yakatoweka. Akafunga. Tukasubiri. Kioo kikabaki kitupu. Njia ya chini ilikuwa imezibwa na ukoko wa chumvi ya maji, na kile tulichokuwa tunakitazama yalikuwa maji mabaki yaliyonasa mle kiooni. Ndani ya boila kwenyewe hakuna aliyejua yamebaki kiasi gani. Na kioo cha pili, cha akiba, kilikuwa kimefungwa kinasubiri vipuri.

Nikaanza kusikia joto usoni, na sijui kama lilikuwa joto la kweli. Mlangoni pakawa na kivuli. Bwana Ndimbo alikuwa amesimama.

Hapo nilikiona kitu ambacho kwa ajili yake nawaandikia yote haya. Athumani alipomwona msimamizi wake, alilisahau boila. Macho yake yalikwenda kwa Bwana Ndimbo, kwenye kioo kitupu, kisha kwenye swichi ya pampu ya maji ukutani. Nilimwona akiwaza, wazi kama mtoto aliyemwaga maziwa: nikiingiza maji haraka kioo kitajaa, mzee hataona. Akaruka kuielekea swichi. Mkono wake ulikuwa umeshainuka.

Maji yale yangekutana na chuma kilichoiva. Nilifungua mdomo tu.

Bwana Ndimbo alikuwa mbali na ile swichi, asingewahi kumkamata. Nilimjua kwa kufoka, na nilingoja afoke. Kama angefoka, naamini Athumani angeshtuka na mkono ungeibonyeza swichi palepale. Badala yake yule mzee akasema kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo sijui alikuwa ameificha wapi miaka yote ile:

"Athu. Mwanangu. Acha. Usiiguse hiyo."

Mkono ukabaki hewani.

"Hujakosa kitu. Njoo huku kwangu. Njoo taratibu."

Athumani akaja, anatembea kama aliyelala. Bwana Ndimbo akapita, akazima feni ya moto, akafunga mlango wa hewa, akachukua koleo na kuufunika moto kwa majivu yaliyoloweshwa, koleo baada ya koleo, bila kukimbia. Kisha akatuambia, "Sasa tokeni. Mwambieni kila mtu aende getini. Msikimbie, watu wataangushana." Yeye akatoka wa mwisho.

Tulisimama nje ya geti, kiwanda kizima, akina mama wa kufungasha na vitambaa vyao kichwani, madereva, wapishi. Mhandisi Rehema alikuja akasimama karibu nami, akanishika kiganja, na kiganja chake kilikuwa kimelowa. Milima ya Uluguru ilikuwa imejaa mawingu. Ninakumbuka nilikuwa nahesabu watu wa kufungasha na kila nikifika katikati nasahau. Tulikuwa tunalisikiliza lile jengo. Bati likapashwa na jua, likalia kidogo, nasi wote tukainama.

Halikupasuka. Lilipoa kidogokidogo, na mchana ule ukapita. Baadaye alikuja mkaguzi akaingia ndani yake na tochi. Alipotoka alikuwa na masizi hadi masikioni, akasema baadhi ya mabomba yamepinda kwa kuungua, na kwamba ile pampu kama ingewashwa, asingekuwa na kitu cha kukagua.

Bwana Ndimbo hakuja kazini kwa siku kadhaa. Nilimfuata kwake. Mkewe alinikaribisha kiti, akatuachia chai. Nilidhani nitamkuta na hasira juu yangu. Alikuwa amekaa na fulana, amezeeka.

"Nilipokuwa kijana," alisema, "nilifanya kazi mahali boila likapasuka. Rafiki yangu alikuwa ndani. Alikuwa mtu wa mzaha, anauliza maswali, anacheka na kila kitu. Mimi nilitoka kwenda kununua sigara. Tangu siku hiyo nilisema, mtu akiwa chini yangu ataogopa. Akiogopa ataishi."

"Athumani aliogopa," nilisema.

"Aliniogopa mimi." Alisogeza kikombe pembeni. "Niliona mkono wake, Mama Pepe. Alikuwa tayari kutuua wote ili tu mimi nisimgombeze."

Mzee Kobelo angekunywa chai, nami nikanywa chai.

Mtaniuliza kama baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Hapana. Dominiki hakurudi, ana shamba la viungo sasa, na nadhani ananizidi kwa furaha. Mhandisi Rehema aliandika kwenye ripoti yake neno "hofu", na makao makuu wakamuuliza maana yake, kama alivyotabiri. Athumani aliomba kuhamishiwa ghalani, akakaa huko, kisha mwenyewe akaomba kurudi, na mkewe akanilaumu mimi kwa hilo sokoni mbele za watu. Bwana Ndimbo alirudi kwenye chumba chake. Wiki za mwanzo ukimya mle ndani ulikuwa uleule, na mimi nilikuwa nikipita pale nikisikiliza kama pampu inajiwasha.

Nilipima vitu vingi baadaye katika kiwanda kile, kwa fomu na bila fomu. Lakini kama mnataka kujua ni lini nilithubutu kuandika kwamba chumba cha boila kimeanza kujifunza, ilikuwa hivi.

Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi, saa ya chai. Athumani alikuwa ameinama karibu na pampu mpya. Ilikuwa inatoa mlio, mlio mwembamba usiokuwapo juzi yake. Wenzake wawili walikuwa wanausikia pia, maana waliacha kutafuna. Athumani alisimama wima, akafuta mikono kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akageuka.

"Mzee," alisema, "huu mlio ni wa nini?"

Chumba kizima kikasimama. Wale wawili wakatazama mlangoni, kama kawaida yao. Mimi nilikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Bwana Ndimbo alikuwa anaandika saa ya zamu ubaoni, na chaki ikatulia. Alikaa ametupa mgongo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuona aibu kumtazama Athumani. Kisha akaweka chaki chini, akaja, akainama kando ya kijana wake, akatega sikio.

"Sijui," alisema Bwana Ndimbo. "Zima. Tuifungue tuone."